Kijana anaweza kuishi kwa tenisi ya wawili wawili peke yake?

Njiro_Kona

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada kwa wanaoijua tenisi ya kulipwa. Kuna kijana wa miaka 18 hapa Arusha, kamaliza shule, anashinda Gymkhana na raketi yake. Mmoja mmoja ni wa kawaida tu; akikutana na mtu wa kurudisha mipira mirefu bila kuchoka, anakwisha. Wawili wawili ni mtu mwingine kabisa: sevu nzito, mkono mwepesi kwenye wavu, anajua mpira unakuja wapi kabla haujapigwa. Kaka yake anamwambia aachane na mmoja mmoja, awe kama Bob na Mike Bryan.

Maswali yangu: kwa Mtanzania njia inaanzia wapi? Pesa ikoje? Na mazoezi ya wawili wawili yanatofautianaje na yale anayofanya sasa? Mzazi anataka kuamua kama atoe nauli au la, kwa hiyo naomba majibu yenye nyama.

Mrushaji_Mpira

Mkuu, kazi hiyo ipo na watu wanaishi nayo, ila karibu hakuna anayeianza akiwa na miaka 18 kwa kuacha mmoja mmoja. Bryan ni mfano mgumu kuiga. Ni mapacha, mmoja wa mkono wa kushoto na mwingine wa kulia, wamecheza pamoja tangu utotoni, na walistaafu 2020 wakiwa na mataji 119 pamoja, 16 kati ya hayo ya Grand Slam, yale mashindano manne makubwa ya mwaka. Mtazame zaidi Rajeev Ram. Alicheza mmoja mmoja miaka mingi, akaja kuwa namba 1 wa dunia wa wawili wawili 2022, tena akiwa na miaka 38. Rohan Bopanna wa India ndiyo kabisa: aliikamata namba 1 Januari 2024 akiwa na miaka 43, mwezi huo huo akachukua Australian Open na Matthew Ebden. Kwa hiyo hakuna haraka ya kumkata kijana mguu mmoja leo.

Njia yenyewe iko hivi. Anafungua akaunti ya IPIN kwenye tovuti ya ITF, shirikisho la tenisi la dunia; hiyo ndiyo namba ya mchezaji. Bila hiyo haandikishwi popote. Ngazi ya chini kwa wanaume ni M15, mashindano ya zawadi ya dola 15,000 kwa ujumla wake. Usajili wa mmoja mmoja unafungwa Alhamisi, siku 18 kabla ya Jumatatu ya wiki ya shindano, saa 11 jioni kwa saa zetu. Watu wengi wa huku wanakosa nafasi kwa sababu hiyo tu: wanasikia kuna shindano Nairobi, wanapiga simu wiki moja kabla, wanakuta orodha imeshafungwa siku nyingi. Muda wa kuandikisha timu ya wawili wawili uko kwenye karatasi ya taarifa ya kila shindano. Asome kabla hajapanda basi la Namanga.

Droo ya wawili wawili M15 ina timu 16 tu na haina mchujo. Hapo ndipo ugumu ulipo. Timu zinapangwa kwa kujumlisha nafasi za wachezaji wawili kwenye viwango: wa 600 na wa 750 wanahesabiwa 1,350, wanapita mbele ya wenye 1,900. Asiye na nafasi yoyote anaingia kama orodha haikujaa au kama waandaaji wamempa kadi ya mwaliko. Ndiyo maana mmoja mmoja asiuache. Aandikishe mchujo wa mmoja mmoja, awepo uwanjani, wachezaji wamwone akipiga, na mtu akikosa patna dakika za mwisho amkute pale pale na raketi begani.

Pesa. Mabingwa wa wawili wawili M15 wanapata chini ya dola 1,000 kwa timu nzima, kabla ya kodi. Mnagawana. Mkitoka raundi ya kwanza, timu nzima haifikishi dola 150. Hakuna anayeishi kwa ngazi hiyo, hata bingwa wa kila wiki. Juu yake kuna M25, halafu Challenger, ngazi ya kati, halafu ATP, ziara kuu ya wanaume, yenye 250, 500 na 1000, na Grand Slam zenye timu 64. Kwa maoni yangu maisha ya kueleweka yanaanza ukiwa karibu na 70 bora wa dunia, kwa sababu hapo unaingia Slam nne kwa mwaka bila kuomba mtu. Chini ya hapo unazungusha pesa ya nauli. Tena kuna jambo wazazi hawaambiwi: ule mpango wa ATP wa kuhakikisha kipato cha chini, ulioanza 2024, umewekwa kwa 250 bora wa mmoja mmoja. Mtaalamu wa wawili wawili anajitegemea.

Na huko juu wanabanwa pia. Mchezaji wa mmoja mmoja anaruhusiwa kutumia nafasi yake ya mmoja mmoja kuingia droo ya wawili wawili. Wiki ambayo wakubwa wanataka kuizoea hali ya uwanja kabla ya Slam, wataalamu wanaachwa nje ya orodha. Lakini uwanjani utaalamu unaonekana. US Open 2025 walijaza mastaa wa mmoja mmoja kwenye mchanganyiko (mwanamume na mwanamke), na taji likabebwa na Sara Errani na Andrea Vavassori, wataalamu hasa wa wawili wawili, wakilitetea la 2024.

Voli_ya_Meru

Nijibu la mazoezi, maana hapo ndipo vijana wetu wanapotea. Wanacheza wawili wawili kila Jumamosi lakini hawaifanyii mazoezi.

Kwanza ajue mashindano yenyewe yanahesabiwaje. Nje ya Grand Slam, seti mbili za kawaida. Gemu likifika 40-40 pointi moja inaamua, na wanaopokea ndio wanaochagua upande gani upokee. Mkigawana seti, hakuna seti ya tatu, kuna taibreka ya pointi 10, mshinde kwa tofauti ya mbili. Maana yake mechi inaamuliwa na pointi tano au sita hivi, na nyingi ni sevu au mpokeo. Watu wanasahau kwamba kabla ya taibreka hiyo timu ina ruhusa ya kubadilisha nani anatangulia kusevu, kama inavyofanyika mwanzo wa seti. Kama jua la jioni linamchoma macho mmoja wenu upande mmoja, hapo ndipo pa kupanga upya.

Sevu: kwa wawili wawili nguvu si kipaumbele, kipaumbele ni sevu ya kwanza kuingia. Alenge 65 kati ya 100 ziingie, na nyingi ziende mstari wa kati au mwilini. Sevu ya katikati inamnyima mpokeaji pembe, na patna wako wavuni anakuwa na eneo dogo la kulinda. Sevu ya nje kabisa inapendeza, ila inafungua kile kichochoro cha pembeni cha mita 1.37, na patna analazimika kukilinda badala ya kuingilia.

Mpokeo: upite juu kidogo tu ya wavu, kwa mshazari, ushuke miguuni mwa anayekimbilia wavuni. Katikati wavu una sentimita 91.4, kwenye nguzo 107. Mshazari unapita pale chini. Vijana wanapenda kupiga kwa nguvu mstarini kumpita mtu wa wavuni, wanapatia mara mbili, wanakosa tano.

Sasa kuingilia katikati, yaani mtu wa wavuni kukata mpokeo wa mshazari. Makosa ni yale yale kila mahali. Moja, anaondoka mapema. Mpokeaji akiona bega limehama kabla raketi yake haijaanza kwenda mbele, anabadilisha na kupiga pale ulipotoka. Ondoka mpokeaji anapoanza kuizungusha raketi mbele, macho yake yakiwa kwenye mpira. Mbili, anakwenda pembeni, sambamba na wavu. Lazima aende mbele kwa mshazari, akutane na mpira karibu na wavu ukiwa bado juu. Akichelewa hatua moja mpira umeshuka na anaunyanyua. Tatu, aliyesevu hajui mwenzake ameondoka, wote wawili wanajikuta upande mmoja. Ndiyo kazi ya ishara za vidole nyuma ya mgongo: kidole kimoja nakwenda, ngumi nabaki, au vyovyote mtakavyokubaliana, na aliyesevu ajibu kwa sauti kwamba ameona. Asiyejibu, ishara haihesabiki.

Zoezi moja la kufanya hata kesho mkiwa wanne: chora chaki boksi la mita moja na nusu kwa moja na nusu kwenye mstari wa sevu, upande wa mshazari. Mpokeaji apige mipokeo 20, ahesabu mingapi imetua ndani au karibu, huku mtu wa wavuni akiwa huru kuingilia wakati wowote. Bila yule wa kuingilia zoezi halina maana, kwa sababu mpokeo mzuri ni ule unaotua pale ukiwa na mtu wa kukutisha.

Njiro_Kona

Asanteni sana wakuu, nimempelekea mzazi yote. Mawili yamebaki. Nimesikia mpira wa Arusha unadanganya, kwamba kijana akishuka pwani anapotea. Ni kweli? Na huyo patna anapatikanaje, maana hapa anacheza na binamu yake ambaye hana mpango wa kusafiri.

Shanty_Moshi

La mpira ni kweli kabisa. Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya bahari. Hewa nyepesi, mpira unaruka mbali zaidi na unadunda juu. Sheria za tenisi zenyewe zinatambua hilo: juu ya mita 1,219 mipira maalumu ya mwinuko inaruhusiwa. Arusha na Nairobi ziko juu ya mstari huo, Moshi mjini iko chini. Ukinunua kopo, soma maandishi. Mipira ya mwinuko ikichezewa Moshi inakuwa mizito na haidundi vizuri, na ya kawaida ikichezewa Arusha inakimbia kama imepakwa mafuta.

Kwenye nyuzi: akicheza Arusha akaze kidogo, akienda Dar au Monastir alegeze. Kilo moja hadi moja na nusu inatosha. Kama hapa anafunga kilo 24, usawa wa bahari aanze na 23. Rola ya mita 200 inatoa raketi 16 hivi, kila moja mita 12, na ni nafuu kuliko pakiti moja moja. Nyuzi ngumu za poliesta zisikae hadi zikatike zenyewe. Zinakufa kabla, mpira unaanza kuruka hovyo, na kiwiko kinaanza kuuma. Anayecheza voli nyingi, yaani kuupiga mpira kabla haujadunda, anaweza kuweka poliesta wima na nyuzi laini mlalo, mkono utamshukuru.

Nimetaja Monastir, Tunisia, kwa sababu: M15 zinachezwa pale karibu kila wiki ya mwaka, mahali pale pale. Antalya Uturuki na Sharm El Sheikh Misri nazo zimekuwa hivyo. Kijana akienda wiki nne mfululizo kituo kimoja nauli ni moja, na wiki ya tatu watu wanamjua. Hiyo ni nusu ya jibu la patna. Ila viza iulizwe ubalozini mapema, ndiyo inayovuruga mipango kuliko mechi. Kwa kuanza, Nairobi na Kigali hazina usumbufu huo. Kigali hata Challenger wanayo tangu 2024, akaangalie tu wakubwa wanavyojipanga.

Kitabu_na_Raketi

Samahani wakuu, hapa naona mmeruka njia ya maana kuliko zote kwa mzazi asiye na pesa ya kuchoma. Vyuo vya Marekani. Ram alipita Illinois, Joe Salisbury alipita Memphis, Austin Krajicek alipita Texas A&M, Bryan wote wawili Stanford. Wote hao wamekuwa namba 1 wa wawili wawili. Jirani yetu Angella Okutoyi wa Kenya alichukua Wimbledon ya wasichana ya wawili wawili 2022 akiwa na Rose Marie Nijkamp, halafu akaenda Auburn.

Sababu ni muundo wenyewe. Mashindano ya vyuo daraja la kwanza yanaanza na mechi tatu za wawili wawili, seti moja kila moja. Timu inayoshinda mbili inabeba pointi ya kwanza, ndipo mmoja mmoja sita zinafuata. Kocha anahitaji mtu wa kusevu na kupiga voli. Kijana wa maelezo haya anauzika kule kuliko anavyouzika M15, na anapata miaka minne ya patna, kocha na shahada. Atengeneze video ya dakika tano isiyokatwakatwa, pointi kamili za wawili wawili, sevu zikionekana kutoka nyuma ya uwanja. Acheze mechi zinazohesabiwa kwenye UTR, mfumo wa kupima kiwango cha mchezaji kwa namba, ili awe na namba yake, makocha wanaiangalia kabla ya kufungua video. Na asikae mwaka mzima mtaani akicheza mashindano baada ya shule bila kuuliza, kuna sheria za kuchelewa zinazoweza kumnyima msimu. Barua kwa makocha zianze mwezi huu.

Mrushaji_Mpira

Kitabu_na_Raketi yuko sahihi, na kwa umri huo ningetanguliza hilo. M15 za Nairobi zibaki za kupimia.

Kuhusu patna: asitafute rafiki, atafute upande. Ajue kwanza yeye anapokea wapi vizuri, kulia au kushoto, na aseme hivyo anapoomba. Wachezaji wana magrupu ya WhatsApp ya kila eneo, na orodha za walioandikishwa ziko wazi mtandaoni; anaangalia nani kaandikishwa mmoja mmoja na hana timu, anamwandikia ujumbe mfupi: nafasi yake, mkono, upande, wiki anazopatikana. Wakikubaliana, wamalize mambo matatu kabla ya safari: wiki ngapi, nani anamlipa nani hoteli, na mmoja akifuzu mbali kwenye mmoja mmoja kama atabaki kucheza au atajitoa. Hilo la mwisho lisemwe waziwazi, kwa sababu mwenye mmoja mmoja akijitoa Alhamisi kwa kuumwa kiwiko, wewe uliyekuja kwa ajili ya wawili wawili ndiye unayerudi Arusha bila pointi.