Lenzi imeangukia mchangani: mkwaruzo, pete inasaga, ukingo umepasuka

Mpwa_Raskazone
Wakuu, lenzi ya kamera ya milimita 50 imeanguka kifudifudi ufukweni hapa Tanga. Kioo cha mbele kina mkwaruzo wa milimita 4 hivi, pete ya fokasi inasaga, na ukingo wa filta, ambao ni wa plastiki, una ufa. Dawa ya meno inaondoa mkwaruzo? Na mchanga unatokaje?

Ngamiani_Ufundi
Dawa ya meno hapana kabisa, mkuu! Ina chembe za kusugulia, na tabaka la kuzuia mng'ao juu ya kioo ni jembamba mno. Utalimaliza, mkwaruzo ubaki palepale, na uongeze doa pana linalotawanya mwanga.

Acha kuzungusha pete. Kila ukizungusha, chembe zinazama ndani. Elekeza kioo chini, puliza kwa pampu ya mpira kuizunguka pete, pitisha brashi laini kavu, rudia mara kadhaa. Kompresa ya gereji usiiguse, inausukumia mchanga ndani pamoja na mvuke wa mafuta.

Mchanga ukiisha, toa chumvi kwa kitambaa laini chenye unyevu wa maji safi, ndipo ufuate spiriti ya isopropili. Maji yatangulie kwa sababu chumvi haiyeyuki kwenye spiriti hiyo. Tone liwekwe kwenye kitambaa. Ukidondoshea kioo linapenya pembeni.

Jicho_la_Pwani
Kuhusu mkwaruzo, piga picha mbili ukielekea kwenye taa, moja f/2.8 (tundu la lenzi likiwa wazi sana), nyingine f/16 (likiwa dogo). Usipoona tofauti ya mng'ao, uache ulivyo. Ukiona ukungu wa mwanga, jaza mkwaruzo wino mweusi usiong'aa kwa ncha ya kijiti cha meno, ufute uliozidi. Mstari mweusi unazuia mwanga kidogo sana. Mweupe unautawanya kote.

Mpwa_Raskazone
Asanteni sana. Ufa nautia supa gluu?

Ngamiani_Ufundi
Usitie! Mvuke wake unaganda kwenye kioo na kuacha utando mweupe. Tumia gundi ya kuchanganya ya mirija miwili, kiasi cha punje ya mchele, na uiache saa 24 kabla ya kufunga filta. Pete ikiendelea kusaga, mpe fundi, naye aweke alama kabla ya kuifungua: nyuzi zake za skrubu zina mianzo kadhaa, yaani zinaweza kuanza kushika mahali tofauti, akikosea mwanzo fokasi ya mbali inapotea.