Valvu ya geti, globu au bolu kwenye laini ya mvuke ya inchi 2: tuagize ipi?

BoilaNyanda
Wakuu, habari za kazi. Ni kiwanda cha chai, boila ya kuni, mvuke bar 10 unaoshushwa hadi bar 7 kabla ya draya. Valvu 14 za geti zinavuja: nyingine kwenye gilandi (shingo ambapo spindo, yaani fimbo ya usukani, inatokea nje), nyingine hazifungi hata ukaze usukani namna gani. Kwenye bei tulizoletewa bolu ndiyo nafuu, globu ndiyo ghali. Tuagize ipi? Au hizi zinatengenezeka?

Spindo
Waendeshaji wanazitumia kupunguza joto la draya? Maana geti, yenye kabari inayoshuka kuziba njia, ni ya kufungua yote au kufunga yote. Ukiiacha nusu, mvuke unapita kwa kasi kwenye mwanya mwembamba, na matone ya maji yaliyomo yanachonga siti (uso ambao kabari hukalia ikifunga) na kabari yenyewe kama patasi. Siku ya kutaka kufunga, nyuso hazikutani tena. Kama ndivyo, geti mpya nayo itaishia hapohapo.

Pa kurekebisha mvuke weka globu, ambayo kizibo chake hushuka juu ya siti. Inabana mtiririko kweli: ya inchi 2 ikiwa wazi kabisa ni sawa na kuongeza bomba la mita 18 hivi. Geti haifiki nusu mita, bolu ya tundu kamili ni kama sentimita 16.

mzee_wa_flanji
Bolu, yenye tufe lenye tundu ndani, isikuvutie kwa bei. Mvuke wa bar 10 una nyuzi 184 za Selsiasi. Siti za teflon ya kawaida hapo zinalainika na kutanuka pembeni, na baada ya muda bolu inapitisha. Ukiitaka, dai yenye siti za teflon iliyoimarishwa au za chuma, na usome kipimo cha mvuke kwenye kibao chake, si kile cha maji. Zile za shaba za maduka ya mabomba ya maji usizisogeze karibu na boila.

Halafu bolu inafunguka kwa robo mzunguko. Mwendeshaji mwenye haraka akiivuta ghafla kwenye laini baridi, maji yaliyolala bombani yanasukumwa mpaka kwenye kona: nyundo ya maji hiyo, na flanji zinapasuka. (Stoo andikeni "bolu". Mkiandika "valvu ya mpira" mtaletewa ya raba.)

KabariNaSiti
Sikubaliani kwamba bolu haifai kabisa. Kwenye mifereji ya kutolea maji, inchi nusu, ni nzuri kuliko zote: unaona kwa mbali kama imefunguliwa. Kwenye laini kuu ndipo naungana na mzee.

Kuhusu kutengeneza: geti ya inchi 2 iliyochongwa siti huwa hailipi, nunua mpya. Inayovuja gilandi tu, badilisha pakingi (pete laini zinazoziba kuzunguka spindo). Funga boila upande huo, weka kufuli na tagi, fungua mfereji mpaka geji isome sifuri, subiri bomba lipoe. Toa pete ZOTE za zamani kwa ndoano. Ukiongeza pete mpya juu ya zilizokauka, kuvuja kutarudi. Safisha spindo. Ikiwa na mikwaruzo mirefu itakula pakingi yoyote. Kata pete za grafiti kwa pembe ya nyuzi 45, panga maungio yapishane nyuzi 90, shindilia moja moja. Kaza nati mbili kwa zamu, robo mzunguko kila upande, huku ukijaribu usukani, ukigoma umezidisha. Baada ya siku ya kwanza ya joto pakingi hukaa, kagua tena.

Kama valvu ni za miaka mingi, pakingi yake inaweza kuwa na asbesto. Ilowanishe kabla ya kuitoa, na usipulize kwa kompresa.

Spindo
Globu ina faida nyingine: siti inasagika. Pesti ya kusagia namba 220, kisha 400, zungusha kwenda na kurudi bila kugandamiza, futa, paka bluu (rangi ya kuonyesha nyuso zinapogusana). Alama ikizunguka duara lote bila kukatika, imefunga.

Kuifunga bombani fuata mshale ulio mwilini mwa valvu. Kwenye bomba la mlalo laza spindo ubavuni; ikisimama wima, maji yanadimbwika nyuma ya siti.

BoilaNyanda
Shukrani. Ni kweli, za draya ndizo zinazoachwa nusu. Uvujaji wa gilandi naweza kuuacha mpaka msimu uishe?

KabariNaSiti
Piga hesabu. Tundu la milimita 3 kwenye bar 7 linatoa mvuke kama kilo 20 kwa saa, yaani 480 kwa siku. Kilo 1 ya kuni kavu ikikupa mvuke kilo 3, hizo ni kilo 160 za kuni kila siku, kwa tundu moja.

mzee_wa_flanji
Usingoje. Na geti utakazobakiza kwenye laini kuu: ukifungua yote, rudisha usukani nusu mzunguko ili isigande. Ukiifunga ikiwa ya moto, usiikaze sana. Mwili ukipoa unaibana kabari, na asubuhi mtu ataleta bomba la kurefushia spana na kukunja spindo.

BoilaNyanda
Basi globu 4 za draya, geti 6 za laini kuu, bolu 4 za mifereji. Pakingi naagiza ya milimita 6, nikishapima nafasi kati ya spindo na kuta za gilandi.