Kayaki ya maji makali Jinja: mtu wa ziwani anaanzia wapi?

Mwana_Ziwa (Mwanza)
Habari zenu wadau. Nyumbani kwetu ni wavuvi kwa hiyo maji nimeyazoea, kuogelea najua na kafi nimeshika kabla sijaanza shule. Sasa kuna video nimekutana nazo za jamaa wa Uganda, Sadat Kawawa na wenzake, kule Jinja kwenye mto Nile, mtu anakaa juu ya wimbi la mto na kayaki yake, kile kimtumbwi chembamba cha mtu mmoja, maji yanapita chini yake kwa kasi ya kutisha ila yeye yuko palepale, haendi mbele wala nyuma, afu anajirusha kayaki inazunguka hewani anatua kwenye wimbi lilelile. Tangu nimeona hiyo kitu silali vizuri, nataka nijifunze na hela nimeshaanza kuweka pembeni.

Naombeni msaada. Kuogelea kwa ziwani kunatosha au mto ni habari nyingine? Na kinachonitisha hasa ni ile sketi wanayovaa inayowafunga kiunoni na kayaki, ukipinduka kichwa kiko chini unatokaje mle? Halafu nasikia mabwawa ya umeme yamemeza mawimbi mengi, je bado kuna cha kufuata huko au nijipange niende Zambezi kabisa? Na mamba jamani, mama akisikia neno Nile anachowaza ni mamba tu.

Kafi_Mbili (Jinja)
Karibu sana mdogo wangu. Mimi ni Mtanzania mwenzako ila naishi huku, kazi yangu ni kusindikiza rafti, yale maboti ya mpira ya watalii, kwa kayaki, yani watalii wakimwagika majini mimi ndo nawaokota.

Nianze na hiyo sketi. Imeshikwa na mpira tu kwenye mdomo wa kayaki na mbele ina kitanzi. Ukipinduka unainama mbele, unashika kitanzi, unakisukuma mbele kidogo halafu unakivuta juu, sketi inaachia, unaweka mikono pembeni ya kiuno unaisukuma kayaki kama unavua suruali na umeshatoka. Mwalimu yeyote wa maana siku ya kwanza atakupeleka kwenye maji yaliyotulia akupindue makusudi mpaka mkono wako ukijue hicho kitanzi bila kuangalia. Na kila ukifunga sketi hakikisha kitanzi kimebaki nje, kikijificha ndani huna cha kuvuta. Hili usimwachie mtu, kagua mwenyewe.

Baada ya hapo ndo unajifunza kurol, kujigeuza urudi juu bila kutoka kwenye kayaki. Watu wenye mikono ya kazi kama nyie wavuvi huwa wanahangaika sana hapa, wanavuta kafi kwa nguvu za mabega na kuwahisha kichwa. Kayaki inageuzwa na kiuno na goti, kichwa kinatoka majini mwisho kabisa, ukikiwahisha tu unarudi chini. Halafu kurol kwenye maji tulivu na kurol katikati ya povu haviko sawa hata kidogo, povu lina hewa nyingi kafi halishiki maji, inabidi usubiri sekunde mbili tatu wimbi likuachie ndo ujaribu. Huko kusubiri ukiwa kichwa chini ndo kazi yenyewe na hakuna wa kukufundisha kwa maneno, unarudia mpaka mwili ukubali.

Kuogelea: ziwani unaenda unakotaka, mtoni unaenda unakopelekwa. Hapa Nile inapitisha mara nyingi zaidi ya mita za ujazo 1,000 kwa sekunde, usishindane nayo. Uzuri wake ni mto wenye kina, mawe mengi yako mbali chini, na baada ya maporomoko mengi kuna sehemu pana imetulia tunakokuokota. Ukitoka kwenye kayaki lala chali, miguu juu itangulie kule maji yanakoenda, na usijaribu kusimama hata kama unaona maji mafupi, mguu ukinasa kwenye mwamba mkondo unakulaza kifudifudi. Vuta pumzi ukiwa bondeni kati ya wimbi na wimbi, kilele kinachokuja na povu funga mdomo.

Swali la mabwawa linaniuma. Maporomoko ya Bujagali yenyewe hayapo tena, yalizama bwawa lilipojazwa, na 2012 mitambo ya megawati 250 ilikuwa inafanya kazi. Wenyeji watakuhadithia vijana waliokuwa wanashuka pale wamekumbatia dumu tupu la plastiki, hawana boya wala helmeti, watalii wanawapa hela. Likaja bwawa la Isimba la megawati 183, likazinduliwa 2019, maji yakapanda mpaka kwenye mawimbi ya huko chini kama Nile Special, wimbi lenye jina la bia ambalo watu walikuwa wanapanda ndege kutoka Ulaya kulifuata. Sipingi watu kupata umeme, kwangu mwenyewe unawaka. Ila wengi wa kwetu hatukujua kilichokuwepo mpaka kimezama, na hilo ndo linanifanya nikwambie usichelewe, katikati ya hayo mabwawa mawili bado kuna mto mzuri sana, kuna maporomoko ya Itanda na Kalagala ambayo Uganda iliahidi Benki ya Dunia kuyalinda kama fidia ya Bujagali. Itanda mwaka wa kwanza angalia kwa macho tu, hata rafti pale juu zinabebwa kwa miguu pembeni.

Kitu kingine, maji hapa yanaachiwa kutoka bwawani kulingana na mahitaji ya umeme kwa hiyo wimbi la asubuhi siyo la jioni. Uliza waliolala hapa kabla hujaingia.

Binti_Sagana (Kenya)
Kaka amesema vizuri, mimi naongeza tu kwamba si lazima uanzie kwa mto mkubwa hivyo. Sagana hapa kwa mto Tana, kama kilomita mia hivi kutoka Nairobi, ni mto mdogo, kuna sehemu imetulia kabisa ya kufanya roll na chini yake kuna maji makali ya kukupima. Lakini huku ni mawe, si kina kama Jinja, unajifunza kusoma maji, maana juu ya kila jiwe kuna alama, na ukipinduka unakunja mwili mbele haraka uso usigonge. Mvua zikinyesha Aprili na Mei mto unabadilika kabisa so uliza kwanza.

Na usiingie na zile kayaki fupi za kuruka ulizoona kwa video, zinazama pua kila saa utachoka bure. Itisha ile ndefu yenye tumbo kubwa, inaelea na inakusamehe.

Zambezi ni tamu, Agosti mpaka Desemba maji yakishuka, lakini ile ni korongo, unashuka ukuta na kayaki begani na jioni unaupanda tena. Nenda ukishakuwa na roll ya kuaminika. Na kama una dada mlete pia, Amina Tayona, mpiga kayaki wa Uganda, amejifunzia kwa hiyo Nile na akawa mfano kwa wasichana wengi.

Tanganyika_Moja (Kalemie)
Ndugu yangu, juu ya mamba mama yako ana haki ya kuuliza. Huku kwetu Lukuga inatoka ziwani hapa hapa Kalemie, na ni kwenye mto huo mamba alimchukua Hendri Coetzee, mpiga kayaki wa Afrika Kusini, Desemba 2010, alikuwa kwenye kayaki na wenzake wawili karibu yake, alivutwa ndani ya maji mara moja. Huyo hakuwa mwanafunzi, 2004 yeye na Pete Meredith walishuka Nile toka Ziwa Victoria mpaka Mediterania. Mamba anapenda maji ya polepole, kwa hiyo usiulize tu maporomoko yakoje, uliza na yale maji ya kimya kati ya maporomoko.

Kafi_Mbili (Jinja)
Kweli kabisa, na Mungu amlaze pema, watu wa hapa bado wanamtaja. Kwenye kipande chetu cha Jinja mamba siyo tatizo la kila siku, ila ukishuka kuelekea maporomoko ya Murchison, mbali huko chini, ni mamba na viboko, huko wanaenda watu wa safari maalum, siyo wa kujifunza.

Mwana_Ziwa (Mwanza)
Asanteni sana, nimesoma mara mbili. Nitapita Sagana kwanza nikomae na roll ndo nije Jinja. Kichocho vipi huko? Huku ziwani tunakijua.

Kafi_Mbili (Jinja)
Kipo, hasa pembeni kwenye majani na maji yaliyolala, kwa hiyo usikae unapiga stori miguu ikiwa majini. Ukirudi nyumbani subiri wiki kama sita mpaka nane halafu nenda hospitali wakucheki, dawa yake ni prazikwanteli ile unayoijua. Beba pasipoti na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, pita Sirari, Kisumu, Busia, Jinja iko barabarani kabla ya Kampala. Ukishapata tarehe andika hapa hapa nikutafutie kayaki ya saizi yako, tuambie na urefu na uzito.

Mwana_Ziwa (Mwanza)
Sentimita 178, kilo 71. Mama kasema nimwambie huyo kaka wa Jinja asiniache peke yangu.