Hesabu zinasema faida milioni 18, benki kuna milioni moja. Pesa iko wapi?

Mwanjelwa_Vifaa

Wakuu, habari za jioni. Nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Mbeya: saruji, nondo, mabati, rangi na vifaa vya bomba. Mhasibu amenikabidhi hesabu za mwaka ulioishia 31 Desemba. Faida baada ya kodi ni shilingi milioni 18. Lakini siku hiyo benki na droo kwa pamoja kulikuwa na milioni 1.1, na mwaka ulianza nikiwa na milioni 12.1. Wizi haupo: mauzo, risiti za EFD (mashine ya risiti za kodi) na taarifa ya benki nimevihakiki, vinalingana.

Naweka namba zote, anayejua anisomee:

Mauzo bila VAT (kodi ya ongezeko la thamani) milioni 240. Gharama ya mali iliyouzwa milioni 192. Matumizi yote, pamoja na riba, uchakavu na kodi ya mapato, milioni 30 (uchakavu peke yake milioni 3). Wadaiwa, yaani wateja ninaowadai, walikuwa milioni 9, sasa 24. Stoku ilikuwa milioni 31, sasa 43. Wasambazaji walikuwa wananidai milioni 14, sasa 20. Mkopo wa benki nimerejesha milioni 6 za msingi. Nyumbani nimetoa milioni 5.

Hii faida ipo kweli? Na nifanyeje, maana mvua imekolea, ujenzi umelala, na msambazaji wa nondo ananipigia simu kila wiki.

Nondo16

Dada pole. Dawa ni moja: acha kukopesha. Mali itoke kwa keshi tu. Miezi mitatu utaona mabadiliko.

Mhasibu_Nyanda

Dada, umeweka kila kinachohitajika, kwa hiyo pesa yako tunaweza kuifuata ilikokwenda.

Anza na faida, 18. Rudisha uchakavu, 3, kwa sababu ule ni kupungua thamani kwa gari na rafu, hakuna noti iliyotoka. Una 21. Wadaiwa wameongezeka 15: mali imetoka, mauzo yameandikwa, pesa haijaingia. Toa 15. Stoku imeongezeka 12: umenunua ila hujauza, na mali isiyouzwa haionekani kabisa kwenye hesabu ya faida. Toa 12. Deni la wasambazaji limeongezeka 6, hiyo ni pesa iliyobaki kwako kwa sasa. Jumlisha 6. Hapo uko sifuri kamili. Yaani mwaka mzima wa kuuza haujakuachia hata shilingi mkononi.

Kisha mkopo, 6. Kwenye faida na hasara inaingia riba peke yake, msingi hauingii, ndiyo maana hukuuona. Na zile 5 za nyumbani nazo si matumizi ya biashara. Jumla umepungukiwa 11. Toa kwenye 12.1 unapata 1.1. Hesabu imefunga, mhasibu wako kafanya kazi nzuri.

Nilichokuandikia hapa ndiyo taarifa ya mtiririko wa fedha. Mwombe akuandalie kila mwezi, hata kwa nusu ukurasa. Wafanyabiashara wengi wanasoma ukurasa wa faida na kufunga faili, na hapo ndipo wanapoumia.

Mama_Mpunga

Nondo16 kaka yangu, kwa heshima, hilo la kuacha kukopesha huku kwetu halitekelezeki. Mkandarasi analipwa baada ya kazi kukaguliwa. Ukimwambia keshi anahamia duka la jirani, na anahama na oda zake zote. Tena wakulima wetu wanajenga baada ya mavuno. Ukiwafungia mlango Februari, Julai hawakujui. Kukopesha kuwepo, ila kuwe na mipaka.

Dada, mauzo ya mkopo ni kiasi gani kati ya hizo 240?

Mwanjelwa_Vifaa

Mhasibu_Nyanda, Mungu akubariki, nimeifuata mstari kwa mstari na nimeelewa. Mama, mauzo ya mkopo ni nusu hivi, milioni 120. Makubaliano na wateja ni siku 30.

Mhasibu_Nyanda

Basi tupime siku. Deni la mteja lina VAT ya asilimia 18 ndani, kwa hiyo gawa 24 kwa 1.18, unapata 20.3. Gawa kwa mauzo ya mkopo ya mwaka, milioni 120, kisha zidisha kwa siku 365: ni siku kama 62. Umekubaliana 30, wanakulipa kwa 62.

Stoku: milioni 43 dhidi ya gharama ya 192 ni siku kama 82 mali inakaa dukani kabla ya kuuzwa. Wasambazaji: manunuzi yako ya mwaka ni 204, yaani 192 pamoja na ongezeko la stoku la 12. Deni lao ukitoa VAT ni 16.9, sawa na siku 30.

Sasa fuata bati moja. Limeingia leo, linauzwa siku ya 82, pesa inaingia siku ya 144. Msambazaji anataka chake siku ya 30. Hizo siku 114 katikati anazibeba nani? Ni wewe, kwa zile milioni 12 ulizoanza nazo. Ndiyo maana mauzo yakikua bila mpango ukata unazidi: kila oda mpya ya mkopo inadai mtaji wa kuzungusha ambao huna.

Wateja wakirudi kwenye siku 30 mlizokubaliana, madeni yatashuka hadi karibu milioni 11.6. Milioni 12 na ushei zinarudi benki bila kuongeza mauzo hata kidogo.

Uyole_Juu

Naongeza la VAT, maana limenibana mwenyewe. Kodi inahesabika pale unapotoa ankara, hata kama mteja hajalipa. Umekopesha mabati ya milioni 5 mwezi huu, VAT ni 900,000. Kwenye manunuzi umeshamlipa msambazaji wako VAT, tuseme 720,000, na 180,000 iliyobaki TRA (mamlaka ya mapato) wanaitaka kufikia tarehe 20 ya mwezi ujao. Kwa hiyo zile 900,000 zote zimetoka mfukoni mwako, na mteja yuko kimya miezi miwili au zaidi. Ukipanga bei ya mkopo, lipige hilo hesabu.

Na 31 Machi kuna awamu ya kwanza ya kodi ya makadirio, yaani kodi ya mapato ya mwaka huu unayolipa kwa awamu. Ianze kutengwa sasa.

Nondo16

Mama_Mpunga umenielewesha, naafiki. Vipi punguzo la asilimia 2 kwa anayelipa haraka?

Mhasibu_Nyanda

Kwa uangalifu. Faida yake ni 18 kwa mauzo ya 240, yaani asilimia 7.5. Ukitoa 2 umegawa zaidi ya robo ya faida ya hiyo oda. Kwa mteja mkubwa anayechelewa sana, sawa. Kwa kila mtu, hapana. Mimi ningependelea malipo ya awali: saruji na nondo, ambazo faida yake ni nyembamba, mteja aweke walau nusu kabla gari halijapakia.

Dada, tafadhali panga madeni kwa umri wake: chini ya siku 30, 31 hadi 60, 61 hadi 90, zaidi ya 90.

Mwanjelwa_Vifaa

Nimekesha nayo. Kwa tarehe 31 Desemba: chini ya siku 30 ni milioni 8. Siku 31 hadi 60, milioni 4. Siku 61 hadi 90, milioni 5. Zaidi ya 90, milioni 7, na katika hizo 5 ni za mkandarasi mmoja mwenye kazi ya halmashauri. Mbili zilizobaki ni za mafundi wadogo, na wawili kati yao hawapatikani kwenye simu.

Kwenye stoku nimekuta rangi na vigae vya toleo la zamani, kama milioni 6. Vigae vingine havifiki idadi ya chumba kimoja.

Mhasibu_Nyanda

Sasa naweza kujibu swali lako la kwanza. Faida ipo, ila si yote 18. Kama zile milioni 2 za mafundi hazitalipwa, ni hasara inayopaswa kuandikwa. Na vigae visivyotosha chumba haviwezi kubaki vitabuni kwa bei uliyonunulia. Ongea na mhasibu wako kabla hesabu hazijawasilishwa.

Rangi iuzwe kwa bei uliyonunulia, au chini kidogo, kabla muda wake haujaisha. Milioni 3 mkononi Februari zina kazi kuliko milioni 4 kwenye rafu.

Mama_Mpunga

Kwa mkandarasi usiende na maneno makali. Mwombe nakala ya cheti cha malipo, ile karatasi inayoonyesha kazi yake imeidhinishwa kulipwa. Kama kazi imeshaidhinishwa, pesa ipo njiani, na anaweza kukuandikia tarehe. Kama haijaidhinishwa, usimwongezee hata mfuko mmoja wa saruji hadi apunguze. Kwa vyovyote vile asaini deni lote kwenye karatasi.

Na msambazaji wa nondo mpigie wewe kabla hajakupigia. Mpe ratiba ya wiki sita yenye viwango unavyoviweza. Usikimbilie kikoba (kikundi cha kuweka na kukopa) kuziba hilo pengo: mkopo wa kikoba unarejeshwa kila wiki au mwezi, na deni la mkandarasi halina siku.

Mwanjelwa_Vifaa

Nimempigia. Amekubali milioni moja na nusu kila wiki mbili, na ataendelea kuniletea mali nikilipa keshi. Mkandarasi ameahidi kuleta cheti Jumatatu. Mhasibu_Nyanda, ule mpango wa keshi wa wiki 13 uliowahi kuueleza kwenye uzi mwingine, kwa duka kama langu naanza na safu zipi?

Mhasibu_Nyanda

Wiki 13 kwa mlalo. Juu weka salio la kuanzia. Yanayoingia: mauzo ya keshi kwa kiwango cha Februari, si cha Agosti, kisha madeni kwa jina la mteja na wiki unayoamini atalipa. Yanayotoka: msambazaji wa nondo, mishahara, pango, rejesho la benki, VAT tarehe 20, kodi ya 31 Machi, na kiwango kimoja cha nyumbani ambacho hakibadiliki. Wiki itakayoonyesha salio hasi, ilete hapa tuiangalie.