Naomba ushauri: uzamivu wa riwaya za Kigothi na majengo, niombe idara ipi?

Mwanafunzi_Tanga:
Wanajamvi, nimehitimu shahada ya umahiri katika fasihi ya Kiingereza, na tasnifu yangu ilihusu riwaya za Kigothi za karne ya 18, yaani hadithi za kutisha zinazotokea katika makasri na majengo ya kale. Kilichonivuta zaidi ni majumba. Mwandishi Mwingereza Horace Walpole alianza kuigeuza nyumba yake ya Strawberry Hill, Twickenham, karibu na London, kuwa kasri la Kigothi (mtindo wa majengo ya Ulaya ya enzi za kati) mnamo 1749, na ndoto aliyoota humo ndiyo iliyomsukuma kuandika riwaya yake *The Castle of Otranto*, iliyotoka Desemba 1764. Natamani kutafiti uhusiano huo na hatimaye kufundisha chuo kikuu. Je, niombe idara ya fasihi au ya usanifu majengo?

Mhadhiri_Mstaafu:
Ndugu yangu, omba fasihi, kwa sababu kamati ya ajira itakuuliza kwanza unaweza kufundisha kozi zipi, na shahada zako zote zinajibu swali hilo. Ila neno "uhusiano" ni pana mno kubeba tasnifu. Itazame dari ya ukumbi mrefu wa Strawberry Hill: imeiga kikanisa cha Henry VII kule Westminster Abbey, ambacho ni cha mawe, lakini yenyewe imefinyangwa kwa karatasi. Kisha fungua toleo la kwanza la riwaya, ambalo lilijitambulisha kuwa tafsiri ya kitabu cha kale cha Kiitaliano. Nyumba na kitabu vyote viwili vinadai ukale ambao havina, tena kwa mkono wa mtu mmoja. Kwa nini Mwingereza wa wakati ule alihitaji ukale wa kubuni? Hilo ndilo swali ninaloamini linastahili miaka yako.

Msanifu_Mkongwe:
Nakubaliana na mzee kuhusu idara, lakini usiingie bila kujua kusoma michoro ya majengo. Jumba la Kigothi la Fonthill Abbey, Uingereza, lililojengwa na William Beckford, mwandishi wa riwaya ya *Vathek*, lilianguka mnara wake mwaka 1825, na leo kimebaki kipande kidogo tu. Asiyeweza kusoma ramani na michoro iliyosalia atategemea maelezo ya wengine daima. Omba msimamizi wa pili kutoka usanifu majengo.

Binti_Maktaba:
Dada au kaka, ajira za fani hii ni chache, kwa hiyo usianze bila ufadhili. Chunguza vyuo vikuu vya Stirling na Manchester Metropolitan, huko Uingereza, ambako Ugothi unafundishwa kwa uzito. Baadaye, kwa nyaraka za Walpole mwenyewe, iombe Lewis Walpole Library ya Chuo Kikuu cha Yale, iliyoko Farmington, Connecticut, kwani hutoa ufadhili wa muda mfupi kwa watafiti wageni.