Yaani picha yangu ya HDR (picha kadhaa za mwanga tofauti zilizounganishwa kuwa moja) inaitwa khanga mbele ya darasa zima?!

Wakuu, nimetoka darasani sasa hivi, mikono bado inatetemeka. Yule jamaa mnamjua, sina haja ya kumtaja. Kaitupia picha yangu ukutani kwa projekta, kaivuta mpaka ikajaa ukuta, halafu kauliza: "Hii ni picha au khanga?" Darasa likaangua kicheko mpaka mlinzi akaja kuchungulia. KHANGA!

Chumba cha hoteli Mji Mkongwe, saa saba mchana, dirisha linatazama bahari. Ukipima mwanga kwa kitanda, bahari inaungua inabaki nyeupe pee. Ukipima kwa bahari, kitanda kinamezwa na giza. Ndiyo maana unapiga tatu! Nikafunga tripodi, f/8 (tundu la lenzi) sikuigusa, ISO 100 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) sikuigusa, nikacheza na shata tu, yaani muda wa kuingiza mwanga: sekunde 1/60, 1/250, 1/15. Ya 1/15 inaingiza mwanga mara nne ya ile ya 1/60, ya 1/250 robo yake. Nikaunganisha. Bahari ipo, kitanda kipo, mpaka mshono wa foronya unauona! Halafu mtu mzima anasimama anasema khanga. Mbele ya watu. Mbele ya yule dada wa safu ya kwanza!

Flashi Moto: Weka picha tuone.

Mleta uzi: Hiyo hapo. Niambieni khanga iko wapi.

Mpiga Kona: Mkuu, fremu ya dirisha imezungukwa na ukungu mweupe pande zote. Vitelezi vya programu ya kuhariri umevivuta mpaka mwisho. Khanga angalau ina maneno.

Bi Lenzi: Na pazia lina kingo tatu. Feni ilikuwa inazunguka? Kinachotembea kati ya picha na picha lazima kijirudie, washa kile kipengele cha programu cha kuondoa taswira zinazojirudia.

Mleta uzi: Feni ni ya hoteli! Mada ni mtu kusema KHANGA mbele ya darasa zima!

Kijana wa RAW: Tuliza mshono. Jua la saa saba na tatu wapi na wapi, piga tano.

Flashi Moto: Huyo jamaa wa projekta ndiye aliniambia HDR inajaza kadi ya kamera haraka, ninunue kubwa. Kumbe anaziuza yeye!

Mzee Negativu: Mpiga picha Gustave Le Gray aliunganisha bahari na mbingu kwa negativu mbili huko Ufaransa miaka ya 1850. Nyie mna kitufe, bado mnalia.

Mpiga Kona: Le Gray hakusumbuliwa na maharusi, mzee wangu. Wa kwangu kazipitisha picha kwenye filta ya simu, sasa ananiuliza kwa nini zangu hazing'ai.

Bi Lenzi: Afadhali wewe. Mimi albamu iko tayari, bwana harusi hapokei simu.

Mleta uzi: Jamani, turudi kwenye khanga.

Kijana wa RAW: Bi Lenzi, alikupa advansi kiasi gani?

Bi Lenzi: Nusu. Na usafiri nilijilipia.

Flashi Moto: Usimpe albamu!