Walimu wakuu wamerudi kutoka mafunzo ya uongozi, nitajuaje kama yamesaidia?

AfisaElimuKata7
Habari za jioni wakuu. Mimi ni afisa elimu kata, nina shule za msingi saba. Mwezi wa saba walimu wangu wakuu wote walienda mafunzo ya uongozi na usimamizi wa shule, siku tano, wakarudi na mafaili na vyeti. Sasa halmashauri wanataka ripoti ya tathmini na mimi ndo natakiwa niiandike.

Nilichonacho mkononi ni fomu walizojaza siku ya mwisho. Karibu wote wameandika mafunzo yalikuwa mazuri sana, muda ulikuwa mfupi, posho iongezwe. Kwa fomu hizo ripoti naimaliza leo leo usiku ila nafsi inanisuta. Wiki iliyopita nimefika shule moja saa mbili na nusu asubuhi nikakuta madarasa matatu hayana mwalimu, walimu wapo ofisini wanasahihisha madaftari, na mwalimu mkuu mwenye cheti chake yupo hapo hapo anahangaika kuingiza taarifa kwenye mfumo. Shule ya pili yake, mwalimu mkuu ambaye mafunzoni hakuinua hata mkono amebandika mapato na matumizi ya ruzuku ya serikali kwenye ubao wa matangazo na nimekuta wazazi wawili wamesimama wanasoma. Kwenye fomu hawa wawili wanafanana kabisa.

Sasa napimaje? Nichukue matokeo ya darasa la saba? Naombeni mawazo hasa waliowahi kufanya hii kazi.

MthibitiMstaafu
Mwalimu, hongera kwa kuulizwa na nafsi yako, wengi wanaandika hiyo ripoti usiku na wanalala vizuri.

Matokeo ya darasa la saba yaache kwanza. Mafunzo mwezi wa saba, mtihani mwezi wa tisa, na yule mtoto amefundishwa miaka saba na walimu tofauti, pengine chini ya walimu wakuu watatu. Matokeo yakipanda utampa sifa mtu asiyestahili na yakishuka utamuonea mwingine.

Mimi nimekagua shule tangu tunaitwa wakaguzi, kabla hatujawa wathibiti ubora. Kitu cha kwanza nilikuwa napita madirishani. Unahesabu madarasa yenye watoto, unahesabu yenye mwalimu anayefundisha, basi. Utafiti wa Benki ya Dunia wa 2014 kwa shule zetu ulikuta wakati wa ziara ya kushtukiza karibu nusu ya walimu hawapo darasani, na wengi wao walikuwa shuleni, ndani ya uzio! Mwalimu hajatoroka, yupo, ila hayupo mbele ya watoto. Hilo la mwalimu mkuu hilo, hahitaji bajeti wala kibali cha mtu kulisimamia. Kama siku tano za mafunzo hazijagusa hapo mimi siwezi kuandika kwamba yamefaulu hata cheti kiwe na fremu.

Nenda siku tatu tofauti bila taarifa, saa tofauti. Halafu fungua logi buku, lile daftari la matukio ya shule, na klasi jonali, daftari la vipindi vilivyofundishwa. Usitafute kama zimejazwa, maana zinajazwa zote siku moja na kalamu moja, soma kilichoandikwa. Mwalimu mkuu ameingia darasani kumwangalia mwenzake akifundisha mara ngapi, alimwambia nini baada ya somo, na wiki iliyofuata alirudi kuangalia?

Mwanachuo_Uongozi
Naongezea kidogo maana nafanya masters ya uongozi wa elimu na hii mada ndo naishi nayo. Kuna mtu anaitwa Donald Kirkpatrick, tangu 1959 aligawa tathmini ya mafunzo ngazi nne: wamependa? wamejifunza? wanafanya kazi tofauti? na matokeo ya kazi yamebadilika? Fomu zako mkuu zinajibu ngazi ya kwanza tu. Anachosema mstaafu ni ya tatu, na kwa kata moja hiyo ndo unaiweza. Ya nne ni ngumu mno. Angalia EQUIP-Tanzania, ule mradi wa kuboresha elimu ya msingi, ulifundisha walimu wakuu na walimu pia, waliofanya tathmini yake walifuata shule 100 za mradi na 100 zisizo za mradi, 2014, 2016 na 2018, maana bila shule za kulinganisha huwezi kusema badiliko limeletwa na mafunzo au limekuja lenyewe.

Wewe hukupima kabla hawajaenda, lakini karatasi za kabla zipo. Chukua mihtasari ya kamati ya shule na logi buku kuanzia Januari, soma za kabla ya Julai na za baadae, uone nini kimebadilika. Na tafadhali usiandike asilimia, shule saba ni chache, shule moja ikibadilika inakupa asilimia 14 na mtu wa juu atadhani ni jambo kubwa. Andika shule mbili kati ya saba, inaeleweka.

MwlMkuu_Kijijini
Naomba niongee upande wetu sie tunaotathminiwa. Nimeenda mafunzo mara tatu. Mara mbili za mwanzo tulikaa ukumbini tunasomewa slaidi za nadharia za uongozi, nilipata alama nzuri kwenye jaribio la mwisho na shuleni sikubadilisha kitu. Ya tatu muwezeshaji alituambia tuje na namba za shule zetu. Mimi nina watoto 480, ruzuku inayoingia shuleni ni sh 6,000 kwa mtoto kwa mwaka, yaani 2,880,000, ukigawa kwa miezi ni 240,000. Tukakaa siku nzima tunapanga hiyo 240,000, chaki, karatasi za mitihani, ukarabati wa madawati, michezo, na mwenzangu wa pembeni anakukosoa. Ile naitumia mpaka leo. Kwahiyo mkitathmini msiishie kwetu, tathminini na namna tulivyofundishwa.

La pili na hili linaniuma, mwaka ule ule tuliofundishwa wenzangu wanne walihamishwa au wakavuliwa madaraka, wakawekwa ambao hawajafundishwa chochote. Kabla hujaandika mafunzo hayajasaidia shule fulani angalia kama aliyefundishwa bado yupo.

Tena tuulize tulijaribu nini tukakwama. Huyo uliyemkuta anajaza mfumo saa mbili na nusu inawezekana ameambiwa taarifa ifike kabla ya saa nne. Na nani anaambia hivyo, ofisi zenu.

NaibuMwalimuKE
Hamjambo, mimi niko Kenya. Huku tunasomea KEMI, taasisi ya kufundisha usimamizi wa elimu, ile iliyokuwa ikiitwa KESI, na wengi tunaingia tukifikiria kupandishwa cheo, siwezi kudanganya. Kilichonisaidia mimi ni kwamba mwalimu mkuu wangu alisoma ripoti yangu ya mradi na akaniitisha hesabu yake kila muhula. Kama hangeniuliza ningeiacha kwenye kabati. Kwa hivyo afisa, ukirudi mara ya pili na ya tatu kuuliza swali lile lile, wewe mwenyewe ni sehemu ya hayo mafunzo.

AfisaElimuKata7
Asanteni sana wote. @MwlMkuu_Kijijini umenigusa, nimeenda kuangalia na kweli taarifa ile niliiomba mimi, kwa WhatsApp, saa moja na robo asubuhi. Nimewaambia wote saba kuanzia sasa taarifa ni mchana baada ya vipindi, ikichelewa nitajibu mimi halmashauri.

Ripoti nimeomba wiki sita, wamenipa nne. Na nimempigia mwenzangu wa kata jirani, walimu wake wakuu wanaenda mafunzo hayo hayo mwezi wa kumi, kwahiyo kwake bado tunawahi kupima kabla. Jumatatu tunaanza kupita madirishani, yeye kwake mimi kwangu, halafu siku ya pili tunabadilishana kata ili walimu wasituzoee. @MthibitiMstaafu naomba nikutumie fomu niliyochora uiangalie, ni ukurasa mmoja tu.